Bugobogobo Huamuliwa Shambani

Wageni wengi wanaofika Bujora, katika eneo la Kisesa wilayani Magu, kushuhudia sherehe ya Bulabo inayofanyika mwezi Juni wakati wa sikukuu ya Ekaristi, huondoka wakiamini kwamba wameyaona mashindano ya ngoma ya Wasukuma, ilhali walichokiona ni hitimisho tu la mashindano yaliyokuwa yakianza tangu mvua za kwanza. Wengine hupiga picha za chatu wa Bayeye, yaani chama cha wajuzi wa nyoka, kisha huandika kwamba ngoma yote ya Usukumani ni ushirikina. Ngoma ya nyoka ina wenyewe na ina heshima yake, inatosha kuitaja.

Kinachostahili kuelezwa kwa kirefu ni bugobogobo, ngoma ya majembe, ambayo asili yake si uwanja wa sherehe bali ni kazi. Vijana wa kijiji, wakiongozwa na nsumba ntale, yaani kiongozi wao waliyemchagua wenyewe, walikwenda kulima shamba la mwenye haja wakiwa wamejipanga mstari mmoja, wapiga ngoma wakiwa karibu nao, na kila jembe likishuka ardhini kwa pigo moja. Fundi alilirusha jembe juu, likazunguka hewani, akalidaka kwa mpini na kulizamisha udongoni bila kuachwa na mdundo wala kuliharibu tuta. Aliyelidaka vizuri lakini tuta lake likapinda hakusifiwa, kwa kuwa mwenye shamba alikuwa akitazama, na mashabiki nao walikuwa wakitazama.

Mashabiki hao ndio wasiojulikana na wageni. Wazee waliosimama pembezoni mwa shamba na akina mama walioleta chakula walifahamu ni kijana yupi huchoka mapema, ni nani huiga mikogo ya mwenzake, na ni yupi, ingawa bado mdogo, anastahili kusogezwa mbele kabla ya kiangazi. Nchini Marekani timu za besiboli hukusanyika Florida na Arizona mwezi Februari na Machi, kabla ya ligi kuanza, na mashabiki husafiri kwenda kuwatazama chipukizi wakigombea nafasi katika mechi ambazo matokeo yake hayahesabiwi kwenye ligi, wala hakuna anayeuita upenzi huo ushamba. Mkulima wa Magu aliyeacha palizi yake kwa muda ili awatazame vijana wa jirani alikuwa na upenzi huohuo, na ujuzi wake haukuwa mdogo.

Baada ya mavuno ndipo zilipokutana pande mbili kuu za ushindani, Bagalu na Bagika, ambazo kwa mapokeo zilianzishwa na waganga wawili wa karne ya 19, Gumha na Ngika. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi zaidi upande wake. Dawa za mvuto zipo na hazikatazwi na kanuni za mchezo. Lakini kuzifanya kuwa sababu pekee ya ushindi ni kuwadharau watazamaji, ambao walihama kutoka kundi moja kwenda jingine kwa kuwa walijua walichokitafuta, wakiwa wamekipima tangu msimu wa kulima.

Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyejenga makumbusho ya Bujora, aliupa ushindani huo mahali na siku, na kwa hilo Wasukuma wana deni kwake. Hata hivyo, siku haiwezi kuchukua nafasi ya msimu. Plau la ng'ombe, lililoenea pamoja na kilimo cha pamba, liliuvunja mstari wa majembe, na leo vikundi vingi hufanya mazoezi uani, mara nyingi majuma machache kabla ya sherehe, kwa majembe yasiyogusa udongo. Mitindo ya kurusha imebaki na huenda imezidi kupendeza machoni, ila hakuna tuta la kumsuta aliyekosea, na anayewateua wachezaji wa mstari wa mbele hana tena jicho la kijiji kizima la kumsaidia. Mtazamaji naye, asiyemfahamu mchezaji hata mmoja, hukimbilia upande wenye spika kubwa, na kundi lililojifunza kwa jasho linaweza kuachwa likicheza peke yake.