Meli Kubwa za Mafuta: Nani Alifaidi, Nani Alilipa?

Hakuna nyumba katika Afrika ya Mashariki isiyolijua debe. Twapimia mahindi kwa debe, twatekea maji kwa debe, na likichakaa twalikunjua tukaezekea banda la kuku. Walakini ni wachache miongoni mwetu wanaokumbuka kwamba debe lilikuja kwetu likiwa na kazi nyingine. Lilikuwa chombo cha mafuta ya taa. Katika karne ya kumi na tisa mafuta yalivuka bahari ndani ya mapipa na madebe, madebe mawili katika kila sanduku la mbao, na kila sanduku lilipakiwa na kupakuliwa kwa mabega ya wachukuzi.

Tangu zama za debe hilo mpaka siku ilipoelea meli ya kubeba zaidi ya tani nusu milioni haikutimia miaka mia moja. Na meli hiyo, iliyosifiwa kuwa ajabu ya ulimwengu, haikuishi hata miaka kumi. Jambo hili lastahili kufikiriwa na kila mtu anayekula kwa jasho lake, maana mna funzo ndani yake kuhusu ukubwa, pupa na hesabu za matajiri.

Mwaka 1886 iliundwa mjini Newcastle, Uingereza, meli iliyoitwa Glückauf. Hii ilikuwa miongoni mwa meli za kwanza ambazo mafuta yalimiminwa moja kwa moja katika matangi yaliyokuwa sehemu ya mwili wa meli yenyewe, bila pipa wala debe. Mwaka 1892 meli ya Murex ikawa meli ya mafuta ya kwanza kupita katika Mfereji wa Suez, ikipeleka mafuta ya taa ya Urusi huko Asia ya mashariki. Tangu siku hiyo meli ya mafuta na mfereji huo vilifungamana, na tutaona kwamba vilipotengana ndipo majitu yalipozaliwa.

Katika Vita vya Pili vya Dunia Wamarekani waliunda mamia ya meli za mafuta za aina iliyoitwa T2, kila moja ikibeba tani zipatazo 16,000. Wakati ule hizo zilihesabiwa kuwa meli kubwa. Lakini vita vilipokwisha, viwanda vya Ulaya na Japani vilikuwa na kiu, nayo mafuta ya Ghuba ya Uajemi yalikuwa mengi na rahisi. Tajiri mmoja wa Kimarekani, Daniel Ludwig, alikodi kiwanda cha Kure nchini Japani, mahali palepale palipoundwa manowari kubwa Yamato. Hapo mafundi wa Kijapani waliunganisha vipande vikubwa vya chuma kwa kulehemu badala ya kupigilia ribiti. Mwaka 1955 walitoa Sinclair Petrolore, ya tani 56,000. Mwaka 1959 walitoa Universe Apollo, meli ya mafuta ya kwanza kuvuka tani 100,000.

Kwa nini matajiri wa meli walipenda ukubwa? Hesabu yake ni nyepesi, hata mtoto wa shule aweza kuifanya. Chukua sanduku, uzidishe mara mbili urefu wake, upana wake na kimo chake. Mabati ya kulitengenezea yatakuwa mara nne, lakini sanduku litachukua mara nane. Tena, meli ya tani 200,000 ina nahodha mmoja kama ile ya tani 20,000, wala haihitaji mabaharia mara kumi, wala mtambo wenye nguvu mara kumi. Kwa hiyo kila meli zilipoongezwa ukubwa, nauli ya kila tani ya mafuta ilipungua. Faida hiyo ilikuwa ya kweli, na hatuna haja ya kuikana.

Kizuizi kilikuwa Suez, maana meli iliyozama sana majini haikuweza kupita katika mfereji. Julai 1956 Rais Gamal Abdel Nasser aliufanya mfereji huo kuwa mali ya Misri. Uingereza, Ufaransa na Israel zikaishambulia Misri, na mfereji ukafungika mpaka Aprili 1957. Juni 1967 vita vilitokea tena, na safari hii mfereji ulifungwa kwa miaka minane. Safari ya kutoka Ghuba hadi Rotterdam, ambayo kwa njia ya Suez ni maili za baharini zipatazo 6,500, ikawa zaidi ya maili 11,000 kwa kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema. Na kwa kuwa mfereji haukupitika tena, hapakuwa na sababu ya kuikata meli kwa kipimo cha mfereji. Mwaka 1966 Wajapani walikuwa wamekwisha kuunda Idemitsu Maru, iliyozidi tani 200,000. Mwaka 1968 ikatoka Universe Ireland, ya tani 326,000. Majitu haya yakawa yakishuka kusini katika Bahari ya Hindi, bahari ileile ya majahazi yetu ya kusi na kaskazi.

Hata hivyo, katika daftari la faida kulikuwa na ukurasa ambao haukuandikwa. Tarehe 18 Machi 1967 meli ya Torrey Canyon, iliyotoka Kuwait, ilipanda mwamba wa Seven Stones karibu na Visiwa vya Scilly, kusini-magharibi ya Uingereza. Meli hiyo iliundwa ikiwa ya tani 60,000 hivi, kisha ikakatwa na kurefushwa huko Japani hata ikabeba mara mbili ya hapo. Nahodha alikuwa na haraka ya kuyawahi maji ya kujaa katika bandari ya Milford Haven, akashika njia ya mkato. Shehena yake ilikuwa tani zipatazo 119,000. Serikali ya Uingereza ililazimika kutuma ndege za vita kuipiga meli kwa mabomu ili mafuta yaungue. Sabuni kali zilizomiminwa pwani kuyaondoa mafuta ziliwaua viumbe wa baharini kuliko mafuta yenyewe.

Ndugu msomaji, uliza sasa meli ile ilikuwa ya nani. Bendera yake ilikuwa ya Liberia. Kampuni yenye meli iliandikishwa Bermuda. Waliokuwa wameikodi ni Wamarekani, nao waliikodisha kwa Waingereza. Nahodha alikuwa Mwitalia. Mvuvi wa Cornwall au wa Brittany aliyekuta nyavu zake zimejaa lami angeanza kubisha mlango wa nani? Serikali za Uingereza na Ufaransa hatimaye zililipwa pauni milioni 3, baada ya kuikamata meli ndugu ya ile iliyozama. Mnyonge hana uwezo wa kukamata meli.

Wala mabaharia wenyewe hawakusalimika. Meli ya mafuta ina hatari kubwa ikiwa tupu kuliko ikiwa imejaa, kwa kuwa mvuke wa mafuta hubaki matangini, na mvuke huo ukichanganyika na hewa hungoja cheche moja tu. Matangi yalikuwa yakioshwa kwa maji yenye kishindo kikubwa, na kishindo hicho huzalisha umeme. Katika Desemba ya 1969 meli tatu, kila moja ya zaidi ya tani 200,000, zililipuka matangi yake yakioshwa. Marpessa ilizama mbali na pwani ya Senegal, ikirudi kutoka safari yake ya kwanza. Kong Haakon VII ililipuka katika bahari ya Afrika Magharibi. Ya tatu, Mactra, ililipukia katika mlango wa bahari wa Msumbiji, kusini ya pwani yetu. Baadhi ya mabaharia walipoteza maisha. Baada ya hapo ndipo uliposhikwa kwa bidii utaratibu wa kujaza matangi hewa isiyowaka, itokayo katika moshi wa mitambo ya meli. Elimu hiyo ilinunuliwa kwa roho za watu.

Wenye meli hawakusimama. Waliagiza majitu makubwa zaidi, wakiamini kwamba mafuta yatakuwa rahisi daima na kwamba Suez haitafunguliwa. Chombo cha kuzama hakina usukani. Oktoba 1973 vita vilizuka tena Mashariki ya Kati, nchi za Kiarabu zikapunguza mafuta yao, na bei ya pipa moja, iliyokuwa dola 3 hivi, ikakaribia dola 12 ilipofika Januari 1974. Nchi zisizo na visima wala meli, na zetu zikiwa miongoni mwao, zililipa bei hiyo. Nchi tajiri zikapunguza matumizi yake. Tarehe 5 Juni 1975 Mfereji wa Suez ulifunguliwa tena, na kufikia mwaka 1980 ulikuwa umechimbwa ukaongezwa kina. Mafuta ya Bahari ya Kaskazini na ya Alaska nayo yakaanza kutoka, karibu na wateja.

Na katikati ya ukame huo ndipo zilipowasili zile zilizoagizwa wakati wa neema. Mwaka 1976 kiwanda cha Saint-Nazaire, Ufaransa, kilitoa Batillus, yenye urefu wa mita 414 na upana wa mita 63, iwezayo kubeba zaidi ya tani 550,000. Ikijaa, ilizama mita 28 na nusu majini, na bandari za kuipokea zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Ilifuatwa na dada zake watatu: Bellamya, Pierre Guillaumat na Prairial. Wakati huo meli kubwa nyingi zilikuwa zimetia nanga bila kazi katika hori za Norway na ghuba za Ugiriki. Pierre Guillaumat ilivunjwa mwaka 1983, Batillus mwaka 1985, Bellamya mwaka 1986. Prairial peke yake iliendelea mpaka mwaka 2003. Nchini Sweden, katika miaka ya 1970 na 1980, viwanda vya Göteborg, Malmö na Uddevalla viliacha kuunda meli hizo kimoja baada ya kingine, na mafundi waliosifiwa jana wakawa hawana kazi leo.

Kubwa kuliko zote, Seawise Giant ya Japani, ilifikia mita 458. Mwaka 1988 ilishambuliwa na ndege za Iraq karibu na kisiwa cha Larak, ikafufuliwa, ikabadilishwa majina, na mwishowe ikafanywa ghala la kuelea huko Qatar. Desemba 2009 iliendeshwa kwa nguvu mpaka ufukweni Alang, India, ivunjwe. Huko Alang, na huko Chittagong, Bangladesh, meli hupandishwa ufukweni maji yakiwa ya bamvua, kisha vibarua huzikata kwa moto wa gesi kipande kwa kipande, katikati ya mvuke uliobaki, vumbi la asbesto na mabamba ya chuma yanayoanguka. Mkataba wa kuwalinda watu hao ulipitishwa Hong Kong mwaka 2009. Ulianza kufanya kazi Juni 2025, yaani baada ya miaka kumi na sita.

Si kwamba hakuna kilichotengenezwa. Baada ya Amoco Cadiz kumwaga tani zaidi ya 220,000 huko Brittany mwaka 1978, na Exxon Valdez kuichafua Alaska mwaka 1989, sheria zilikazwa, na meli za mafuta zikalazimishwa kuwa na kuta mbili. Meli kubwa za leo nyingi hubeba tani zipatazo 300,000, si 550,000. Lakini kila sheria ilikuja baada ya msiba, na msiba haukumfika aliyekuwa akihesabu faida.

Jambo hili halipo mbali nasi. Bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani karibu na Tanga limekusudiwa kuyaleta mafuta ghafi baharini, nayo hupakiwa katika meli. Mafuta hayo yaweza kuleta kazi na mapato, wala hatusemi yakataliwe. Twasema kwamba maswali yaulizwe kabla ya msiba: bendera ya meli ni ya nani, kuta zake ni ngapi, bima yake ni ya kiasi gani, na mvuvi wa Tanga atabisha mlango wa nani siku mafuta yakimwagika. Asiyeuliza mapema atajibiwa na bahari, na majuto ni mjukuu.