Dawa ikivuka mpaka: kompyuta inasema nini, na shamba letu linasema nini?



Mtu anapuliza dawa ya wadudu katika mpunga wake. Mita chache pembeni, upande upepo unakoelekea, mama wa jirani anachuma sombe ya jioni. Hakuna aliyetaka ubaya, lakini dawa imeshavuka mpaka. Imekwenda umbali gani, na kiasi gani?

Wataalamu wanatafuta jibu kwa programu za kompyuta, ile tunayoita ordinateri. Programu inapewa ukubwa wa matone, urefu yanapotokea na kasi ya upepo, halafu inapiga hesabu. Tuchukue mfano. Tone lenye upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita, likiachiwa kwenye urefu wa mita 1, linafika chini kwa karibu sekunde 4. Upepo ukienda mita 2 kwa sekunde, tone litasukumwa karibu mita 8. Lakini tone lenye upana mara nne ya hilo linaanguka kabla sekunde 1 haijaisha, karibu mita 1 tu. Ndiyo maana ukungu mwembamba unasafiri kuliko matone manene.

Hesabu peke yake haitoshi, lazima ijaribiwe shambani. Marekani kampuni za dawa ziliunda kikundi cha kupima jambo hili mwaka 1990, na Ujerumani nao walipima. Wanapanga vitu vya kunasia dawa nje ya shamba, wanapuliza, kisha wanalinganisha kilichoanguka na jibu la kompyuta. Kwa mazao ya kawaida ya shambani, Wajerumani waliweka makadirio ya juu hivi: mita 1 nje ya shamba, ardhi inapata karibu asilimia 2.8 ya dawa iliyomwagwa ndani. Mita 5, asilimia 0.6, mita 10, asilimia 0.3.

Namba hizo ni nzuri, lakini zilitoka kwenye trekta, ambapo bomba linakaa urefu mmoja na presha haibadiliki. Sisi hapa Kindu tunabeba pompi mgongoni. Mkono unapanda na kushuka, presha inafuata nguvu ya mtu, na kichwa cha pompi kilichochakaa kinatoa matone ya kila namna. Basi mtu akikuambia "kompyuta imesema mita 5 zinatosha", muulize: ilijaribiwa kwa pompi gani?

Tunaweza kujaribu wenyewe:

1. Osheni pompi vizuri, mbali na mto na kisima. Jazeni maji yenye rangi ya chakula. Dawa msitie.
2. Siku ya upepo mwepesi, wekeni karatasi nyeupe chini, mita 1, 3, 5 na 10 kutoka mwisho wa shamba, upande upepo unakoelekea. Zizuieni kwa mawe.
3. Mtu mmoja apulize mistari ya mwisho kama kawaida yake. Hesabuni matone kwenye kila karatasi.
4. Rudieni na karatasi mpya, kichwa cha pompi kikiwa chini zaidi na presha ndogo. Linganisheni.

Angalieni: matone madogo kabisa hayaonekani kwa macho. Karatasi ikibaki nyeupe, siyo kusema hakuna kilichofika.

Jambo la mwisho. Wengi tunapuliza alfajiri kwa sababu hakuna upepo. Lakini hewa ikitulia kabisa, moshi wa jikoni ukilala chini badala ya kupanda, matone madogo nayo yanabaki yakielea, kisha yanasogea polepole mpaka kwenye nyumba. Ngojeni jua lipande kidogo, majani yaanze kutikisika, na muone upepo unaelekea wapi. Ukielekea kwa jirani, kisimani au kwenye bwawa la samaki, siku hiyo acheni. Na jirani aambiwe kabla, siyo baada.

Leteni karatasi zenu kwenye mkutano ujao wa koperative. Tutazipanga mezani, pompi kwa pompi, tuone ni ipi inayovuka mpaka.