UKITUMWA BRAZIL: MAMBO YA HOTELI



Kikundi kinachojenga matangi ya maji ya mvua kina mengi ya kuona Juazeiro, mji wa jimbo la Bahia, kaskazini mashariki mwa Brazil. Huko ni kukame kama Ukambani, na tangu 2003 kumekuwa na mpango wa kujenga matangi milioni moja ya saruji, kila moja lita 16,000, kando ya nyumba za watu. Habari za matangi tutaziandika siku nyingine. Leo ni habari za kulala, maana mjumbe ametumwa kwa pesa za harambee, na akizipoteza hotelini ni kikundi kizima kimepoteza.

Kwanza tikiti. Kuna Juazeiro hii, na kuna Juazeiro do Norte, mji mwingine kabisa katika jimbo la Ceará. Usipelekwe kusikokuwa kwako. Uwanja wa ndege uko Petrolina, ng'ambo ya mto São Francisco, kisha unavuka daraja. Sindano ya homa ya manjano uipate angalau siku 10 kabla ya safari, na kadi yake uitunze. Utaulizwa ukirudi Kenya.

Sisi tukisema hoteli twafikiria chai na mandazi. Huko ni mahali pa kulala, na ile ndogo ya bei nafuu huitwa pousada. Lakini ukiona kibao cha "motel", pita! Hiyo huko ni vyumba vya wapenzi, vya kukodi kwa saa. Hebu fikiria mjumbe wa kanisa akimletea mweka hazina risiti ya motel.

Mapokezi utajaza fomu na kuonyesha pasipoti. Uliza kama "café da manhã", yaani chai ya asubuhi, imo katika bei. Mara nyingi imo, basi kula ushibe: kuskuzi ya unga wa mahindi, tapioka ya muhogo, jibini, matunda. Mchana tafuta mahali palipoandikwa "por quilo". Sahani yako inawekwa kwa mizani na unalipa uzito, kwa hivyo usijaze mlima. Ile friji ndogo chumbani si zawadi. Kila soda unayotoa inaandikwa, na utailipa siku ya kuondoka.

Bafuni maji hupashwa moto na stima ndani ya kichwa cha bomba. Ukitaka yawe moto zaidi, punguza maji. Swichi iliyo juu usiiguse maji yakitoka, wala ukiwa umelowa. Karatasi ya choo hutupwa kwenye ndoo iliyo kando, si ndani ya choo, maana mabomba huziba. Tundu za stima ni za pini za mviringo, na nguvu yake ni volti 127 mahali pengine na 220 pengine. Uliza kabla ya kuchomeka chochote.

Mbu wa dengi huuma mchana, kwa hivyo jipake dawa asubuhi, usingoje usiku.

Pesa yao ni real. Wenyeji hulipa kwa simu kwa njia ya Pix, iliyoanza 2020, lakini hiyo yataka akaunti ya benki ya huko. Wewe beba noti ndogo. Ukilipa, sema "nota fiscal" upewe risiti ya kuonyesha kikundi, kisha shukuru: mwanamume husema "obrigado", mwanamke "obrigada".

Na kupiga simu nyumbani? Juazeiro iko nyuma yetu kwa saa sita. Hapa kuna jambo la kupendeza: namba ambayo mshale wa saa yao unaonyesha ndiyo saa ya Kiswahili huku kwetu. Saa ya ukutani hotelini ikionyesha 2 mchana, nyumbani ni saa mbili usiku, watu wako mezani. Ikionyesha 8 usiku, wacha walale. Huku ni saa nane za usiku.