Fahamu: Kwa nini Manchester ilizika wachanga na wazee wengi enzi za Malkia Victoria

Ripoti ya mwaka 1842 ya Edwin Chadwick, mwanamageuzi wa afya ya jamii nchini Uingereza, ilitoa takwimu ya kutisha: katika mji wa viwanda wa Manchester, wastani wa umri wa kufa katika familia za vibarua ulikuwa miaka 17. Vijijini Rutland ulikuwa 38.

Hii haina maana kwamba watu wazima walikufa wakiwa na miaka 17. Wastani ulishushwa na watoto: zaidi ya nusu ya watoto wa vibarua mjini humo hawakutimiza miaka mitano. Kiangazi, kuhara ndiko kulikowamaliza. Vyoo vya shimo vilifurika, nzi wakajaa, maziwa yakachacha. Baadaye zikaja chupa zenye mpira mrefu wa kunyonyea, ambao ndani haukusafishika. Vijidudu vikazaliana humo, na mama wa watu hakuwa na habari.

Wazee nao waliondoka msimu wa baridi, vifua vikibanwa na mkamba uliochochewa na moshi wa makaa ya mawe.

Vifo hivyo havikuwa majaliwa, ni maji safi, hewa safi na mitaro ya maji taka vilivyokosekana. Uingereza na Wales ziliendelea kupoteza takriban wachanga 150 kwa kila 1,000 waliozaliwa hadi karne ya 19 ikaisha.