Jeni hazitembei peke yake, zina mbogi

Hebu fikiria hivi. Landilodi amekutuma umtafutie anayeiba maji ya ploti. Wapangaji ni 20,000, na rekodi ulizonazo ni za siku 200 tu. Ukiwachunguza mmoja mmoja, lazima utapata wengi ambao kila maji yakipotea, nao walikuwa nyumbani. Ni sadfa tu, lakini utawafukuza bure.

Watafiti wa magonjwa wako hapo hapo. Mwili wako una jeni kama 20,000 zinazotoa maagizo ya kutengeneza protini, na mara nyingi wagonjwa waliopimwa ni mia chache. Kompyuta ikiachiwa ijitafutie, itaona "mshukiwa" kila kona.

Mwaka 1996, mtakwimu Robert Tibshirani alileta mbinu inayoitwa Lasso. Jeni ikitaka kuingia kwenye hesabu, inalipa faini. Ikiwa mchango wake ni mdogo, inakatwa hadi sufuri. Safi, sivyo?

Ngoja kwanza. Jeni nyingi hufanya kazi pamoja. Wezi wakiwa marafiki wawili wasioachana, Lasso inaweza kushika mmoja na kumwacha mwenzake. Leta rekodi za siku zingine, inamshika yule wa pili na wa kwanza anaenda zake. Sasa utaamini nani?

Mwaka 2006, Ming Yuan na Yi Lin walibadilisha mchezo: faini itozwe mbogi nzima. Kundi linaingia lote au linatoka lote, na kundi kubwa linatozwa zaidi ili lisipite kwa wingi wa watu tu. Mwaka 2013 ikaja nyingine inayochagua makundi, kisha inachuja hata walio ndani.

Lakini jiulize: nani aliyechora hayo makundi? Kompyuta haijui. Ni mtafiti anayeamua, pengine kwa kuangalia jeni zenye kazi moja, au vipande vya DNA vinavyorithiwa pamoja.

Hapo ndipo wewe na mimi tunaingia. Data nyingi za jeni duniani ni za watu wenye asili ya Ulaya. Sisi Waafrika tuna tofauti nyingi zaidi za kijeni, na vipande vyetu vinavyorithiwa pamoja ni vifupi zaidi. Kwa hivyo mbogi iliyochorwa Ulaya inaweza kuvunjika ikifika hapa. Tayari vipimo vya kukadiria hatari ya magonjwa kwa kutumia jeni hukosea zaidi kwa watu wa asili yetu. Waluhya wa Webuye wamo kwenye ule mradi wa kimataifa wa jenomu 1,000, lakini Kenya si Webuye pekee.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo sitakupigia kelele kuhusu digrii. Programu za kufanya hesabu hizi ni za bure kwenye R na Python. Kama unajua kodi kidogo, anza nazo. Siku shosho wako atakapopimwa hatari ya kisukari, ni vizuri mashine iwe inaijua mbogi yake.