UWIANO: SIRI YA MAJENGO YA KALE

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa ukiona vyaelea, vimeundwa. Wengi wetu tukiona jengo zuri husifu mlango wake au rangi yake. Tunasahau uwiano, yaani jinsi upana, urefu na kimo vinavyopatana.

Wagiriki waliujua sana. Hekalu la Parthenon, lililojengwa Athens kuanzia mwaka wa 447 Kabla ya Kristo, lina upana wa karibu mita 31 na urefu wa karibu mita 69.5. Ukigawanya utapata 4 kwa 9. Hiyo haikuwa bahati, ni hesabu.

Baadaye Mrumi aitwaye Vitruvius aliandika vitabu 10 juu ya ujenzi. Alisema sehemu za hekalu zipatane kama viungo vya mtu aliyeumbika vizuri. Kwake, kimo cha mtu ni dhiraa 4, tena ni sawa na mikono yake ikinyooshwa kushoto na kulia. Mnamo 1490 hivi, Leonardo da Vinci alichora picha maarufu ya mtu huyo ndani ya duara na mraba.

Kumbe wazee wetu wa pwani nao walikuwa na hesabu iyo hiyo! Shubiri 2 ni dhiraa 1, na dhiraa 4 ni pima 1. Pima ni nini? Si mikono miwili iliyonyooshwa? Hebu chukua kamba ujipime. Mimi na wenzangu tulijaribu darasani, na tofauti kati ya pima na kimo ilikuwa ya vidole vichache tu.

Sasa twende Lamu, mji wa kale ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka wa 2001. Vyumba vya nyumba zake za mawe ni vyembamba na virefu. Mgeni aweza kudhani eti fundi alikosa nafasi. La hasha! Dari lilibebwa na boriti za mikoko, na juu yake yakawekwa matumbawe na chokaa, mzigo mzito kwelikweli. Boriti ikiwa ndefu mno hupinda, kwa hivyo upana wa chumba haukuzidi sana mita 3. Mwenye mali akitaka chumba kikubwa, fundi alikirefusha, hakukipanua. Basi mti wa mkoko ndio uliotoa kipimo, na nyumba zote zikafanana kama ndugu wa tumbo moja.

Siku hizi tuna saruji na nondo. Chumba chaweza kuwa na upana wowote tutakao. Mimi sipingi, kwani wanafunzi 50 hawawezi kusomea katika chumba cha mita 3. Lakini boriti haipo tena ya kutuambia "basi, hapo yatosha", na wengi hawajiulizi kipimo kitatoka wapi. Utaona darasa pana ambalo kuta zake zimefupishwa ili kupunguza gharama. Mabati yanakaribia vichwa, madirisha ni madogo, na ifikapo saa nane mchana joto halivumiliki. Wanafunzi wakisinzia wanaitwa wavivu. Ukweli ni kwamba chumba kilipanuliwa bila kuinuliwa.

Wako wasanifu wa zama zetu waliolitambua jambo hili. Le Corbusier alitunga vipimo vyake kutokana na mtu wa mita 1.83, ambaye akiinua mkono hufika mita 2.26. Alivitumia katika jumba kubwa la makazi huko Marseille, Ufaransa, lililomalizika mwaka wa 1952. Yaani hata penye saruji, mtu alibaki kuwa rula.

Kwa hivyo wenzangu mnaotarajia kuwa wasanifu, waashi au hata wenye nyumba, uwiano si pambo la matajiri wala si elimu ya Wagiriki pekee. Kabla hamjanunua mawe na saruji, mpimeni kwanza mtu atakayekaa humo ndani.