Mbwa akigeuka manjano, usilaumu kupe pekee

MBWA anapokataa chakula, akatapika na macho yake yakageuka manjano, wengi hudhani ameambukizwa maradhi na kupe. Huenda ikawa kweli, lakini kiini chaweza kuwa mfuko wa nyongo ulioshikamana na ini.

Ute mzito hujaa katika mfuko huo na kuweza kuziba njia ya nyongo. Huathirika zaidi mbwa wa makamo na wazee, hasa wa aina ya Shetland Sheepdog, Cocker Spaniel na Miniature Schnauzer.

Daktari wa mifugo hupima damu kuchunguza ini na vimelea vya kupe, kisha hupiga picha ya tumbo kwa mawimbi ya sauti. Ute ulioganda huonekana mithili ya tunda la kiwi lililokatwa.

Njia isipoziba, dawa ya kulainisha nyongo na chakula chenye mafuta kidogo huweza kusaidia. Ikiziba, hapana budi mfuko uondolewe kwa upasuaji. Ingawa upasuaji wenyewe una hatari zake, anayepona huishi vyema, kwani ini huendelea kutoa nyongo.

Kungoja ni hatari zaidi. Mfuko ukipasuka, nyongo humwagika tumboni na mbwa aweza kufa.